Muulize Fundi Mitambo: Kinanda, mashine au programu?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kilekile kwa mlango tofauti, ninunue mashine ya kutengenezea muziki ya kushika mkononi au niweke programu kwenye kompyuta. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu wengi mtajiona humo, nyingine tutapita haraka haraka.

Shikamoo kaka Fundi. Mi ni kijana wa Uyole hapa Mbeya, natengeneza biti kwenye laptopu ya mtumba, i5 yenye RAM GB 8 na nimeshaiwekea SSD. Napiga biti kwa maus na zile batani za kompyuta, basi. Jumapili napigaga kinanda kanisani ila kinanda ni cha kanisa sio changu. Nimeuza viazi nimepata milioni moja na nusu nataka yote iende kwenye muziki. Mshkaji wa kwanza anasema chukua kinanda kikubwa cha Yamaha cha staili (chenye midundo ya kukusindikiza ndani yake), wa pili ana MPC, ile mashine ya kupigia biti, ya mtumba anataka aniuzie, anasema muziki wa ukweli unatoka kwenye mashine na kompyuta ni toi la watoto, wa tatu anasema nunua programu na maplagini (vyombo na vikolezo vya kuongeza ndani ya programu) hela yote. Naogopa kuchoma hela maana mpaka viazi vingine vikomae ni leo? Prodyuza wa Uyole

Marahaba mdogo wangu, na hongera ya viazi. Kabla hujampa mtu hata shilingi nijibu hiki kwanza: hela yako ya muziki inaingilia wapi, chumbani au mbele za watu? Maana kama wateja wanakuja geto kwako wanaingiza sauti wanasepa, wewe ni mtu wa programu, hakuna mjadala. Ila kama unaitwa harusi za Mwanjelwa, mikesha, matamasha ya kwaya, hapo kinanda ni jembe lako, maana hakuna mtu wa kukusubiri na laptopu yako pale maharusi wanaingia ukumbini afu Windows inakuandikia subiri najisasisha usizime.

Kwa barua yako wewe biti ndo kazi na kinanda ni utumishi wa Jumapili, na tena kinanda unacho, hata kama sio chako. Kwahiyo programu. Lakini sio kama alivyosema mshkaji wa tatu, huyo ndo atakupoteza kuliko wote, ntamrudia.

Nianze na wa MPC, huyu ana ukweli nusu. MPC ya kwanza, MPC60, Akai waliitoa 1988 wakishirikiana na Roger Linn, ile yenye pedi 16 za kugonga na vidole, na watu wa hip hop Marekani wamejenga muziki mzima juu ya zile pedi. Sasa kilichowashika wale ni nini? Ni mkono. Unagonga, unasikia, unagonga tena, hakuna maus hapo hakuna menyu. Hicho kitu ni cha kweli kabisa na mtu anayebonyeza biti kwa maus mpaka leo hajui anachokosa. Ila akisema muziki wa ukweli unatoka kwenye mashine, hapo anauza mzigo wake tu bwana. Chukua mashine ya ngoma ya TR-808 ya Roland. Ilitoka 1980, 1983 wakaacha kuitengeneza, na leo ile besi yake inatikisa vioo vya bajaji toka Kabwe mpaka Mafiati, afu prodyuza aliyeiweka hajawahi hata kuiona mashine yenyewe, ana sampo tu, yaani kipande cha sauti yake kilichorekodiwa, kwenye folda. Au kinanda cha DX7 cha Yamaha cha 1983, ile sauti ya piano ya umeme inayometa kwenye nyimbo za taratibu za zamani, kuna plagini ya bure inaitwa Dexed inafanya kazi hiyohiyo, na faili za sauti zilizotengenezwa kwa ajili ya DX7 yenyewe inazifungua. Kinanda cha Korg M1 cha 1988? Korg wenyewe wanaiuza kama programu siku hizi. Na kama unataka sinthi (chombo kinachounda sauti kwa umeme) ya kisasa, Vital na Surge XT zote unapata bila kulipa na hazili bando sana. Kwahiyo kwenye sauti hapo mashine hazina cha kukutishia.

Na hizi MPC mpya zenyewe ni kompyuta iliyovaa pedi, ina skrini, ina apdeti, ina stoo ya mafaili, kila kitu. Nayoielewa mimi ni MPC Live kwa sababu ina betri ya ndani, umeme ukikatika we unaendelea. Lakini hiyo ya mshkaji wako umesema ya mtumba hujasema modeli gani, na mtu akikuuzia kitu bila kutaja modeli ujue kuna jambo. Muulize na hili: ikizima nani anaifungua? Mafundi wa amplifaya Mbeya tunao wazuri sana wa redio pia, ila pedi za MPC au skrini yake mpaka uagize nje, usubiri, ulipie na ushuru, na muda wote huo biti hazitoki. Laptopu ikifa unakopa ya jirani unafungua mradi wako kutoka kwenye flashi unaendelea.

Kuna kitu kingine ambacho hawa wote watatu hawajakutajia nacho ndo kinachokulipa: mteja anarudi baada ya mwezi anasema "bro ile besi ishushe kidogo na pale koras ya pili ongeza makofi". Kwenye programu unafungua faili, kila kitu kiko vilevile ulivyokiacha, dakika kumi umemaliza na umemchaji. Kwenye kinanda ambacho tangu siku hiyo umeshakipiga kwenye ibada na mazoezi na kila mtu ameshika vitufe, ile sauti uipate tena vilevile mpaka uwe ulikumbuka kuihifadhi kwenye rigista, ile kumbukumbu ya kinanda, na mnajijua.

Haya, hela sasa. Usinunue plagini hata moja kwa hii milioni na nusu. Mshkaji wa tatu anadhani programu maana yake hela yote iende kwenye programu, wakati programu nzuri unaipata kwa bei ndogo na kinachoharibu nyimbo za mageto mengi huku kwetu ni sikio na mlango wa kuingizia sauti. Namaanisha hivi, unamiksi kwa spika za subufa ya sebuleni ambayo besi imejazwa kiwandani ili ivutie dukani, we unasikia besi ipo tele unaishusha, ukienda kuusikiliza kwenye gari la mtu wimbo mkavu kama ugali wa jana. Kwahiyo cha kwanza hedifoni za studio, zile zinazofunika sikio, za waya, sio za Bluetooth. Monita, yaani spika za studio, zitakuja baadae, na kwenye chumba cha matofali kitupu monita hata za bei kali zitakudanganya tu kwa mwangwi.

Cha pili saundi kadi ya nje, ile ya USB, ndo huo mlango wa kuingizia sauti. Hapa ntakaa kidogo kwa sababu hapa ndo watu wanaposemaga programu inachelewa, ukibonyeza noti inalia baadae, wanakata tamaa wanarudi kutaka mashine. Kompyuta haitoi sauti moja moja, inaikusanya kwenye kindoo kinaitwa bafa afu inamwaga. Kwenye CD sekunde moja ina sampo 44,100, hapa sampo ni kipimo kimoja kidogo sana cha sauti. Bafa ukiiweka sampo 1024 maana yake kindoo kinajaa kwa kama milisekunde 23, na hapo bado hujahesabu njia ya kuingia na kutoka, ngoma ukiigonga lazima uhisi iko nyuma ya kidole. Ukishusha bafa mpaka 256 inakuwa kama milisekunde 6, ukishusha 128 ni kama 3, hapo vidole havigundui. Sasa saundi kadi iliyojengwa ndani ya laptopu na draiva ya kawaida ya Windows ukishusha hivyo inaanza kukwaruza, ndo maana inatakiwa kifaa chenye draiva yake ya ASIO, draiva ya sauti isiyochelewesha. Ukiwa huna weka ASIO4ALL ya bure kwanza, inasaidia kweli. Behringer UMC22 ile ndogo inategemea hiyohiyo ASIO4ALL, kaka yake UMC202HD anakuja na draiva yake, na Focusrite Scarlett nazo zina ya kwao, tofauti ya bei utaisahau. Afu kanuni ni hii, wakati wa kurekodi shusha bafa, wakati wa kumiksi ipandishe maana mkono haugongi tena na prosesa inataka kupumua.

Na hizo saundi kadi ndogo zinakula umeme wa laptopu kupitia waya wa USB, kwahiyo umeme wa ukutani ukikatika katikati ya kurekodi we na mteja wako mnaendelea mpaka betri ya laptopu iishe. Hii kwangu peke yake ingetosha kuchagua. Vile vinanda vidogo vya Yamaha vya PSR-E vinakubali betri sita za AA, ila vikubwa vya staili anavyosema mshkaji wako wa kwanza havina pa kuweka betri, umeme umeenda na kinanda kimeenda, na kama ulikuwa hujahifadhi basi pole.

Cha tatu kontrola, kibodi isiyo na sauti yake inayotuma MIDI tu. Watu watakwambia chukua zile fupi za funguo 25, Akai MPK Mini na wenzake, nzuri na ina pedi, mtu wa biti tupu inamtosha. We usichukue. Umeshazoea kinanda cha kanisa kwa mikono miwili, oktavu mbili zitakukera wiki ya kwanza tu, mkono wa kushoto utakuwa unatafuta besi hewani. Tafuta ya funguo 49 au 61. Au usinunue kabisa kwa sasa! Angalia nyuma ya kile kinanda cha kanisa kama kuna tundu la USB limeandikwa TO HOST, au matundu ya mviringo ya pini tano yameandikwa MIDI OUT. Kama lipo, ongea na wazee vizuri wakuruhusu siku za katikati ya wiki, chukua waya, kile kinanda kinakuwa kontrola ya laptopu yako. MIDI ipo toka 1983 na kinachopita kwenye ule waya sio sauti, ni maagizo tu, noti fulani imebonyezwa kwa nguvu hii na imeachiwa saa hii, ndo maana kinanda cha zamani chenye sauti mbovu kinaweza kupigisha piano tamu iliyoko ndani ya kompyuta.

Cha nne maiki, na ikibaki hela, waya mzuri na stendi. Kondensa, ile maiki nyeti, inataka fantomu, yaani umeme wa 48V kutoka kwenye saundi kadi, angalia kitufe kipo kabla hujalipa. Ila geto likiwa karibu na barabara kuu ya Tanzam na malori yanapanda na breki zao, chukua dainamiki, maiki isiyo nyeti sana, kondensa itakuletea mpaka mazungumzo ya konda.

Halafu magitaa. Mbeya huku ukitaja kwaya umetaja sebene, na sebene la programu mimi sijawahi kulipenda, linasikika limenyooka mno, kidole cha mpiga solo kina uchoyo fulani wa kuchelewa ambao huwezi kuuchora kwa maus. Mlete mpiga gitaa, mlipe, mchomeke kwenye tundu la saundi kadi lenye kitufe cha INST au Hi-Z. Kitufe hicho usikisahau, bila hicho gitaa linaingia limefifia halina meno. Ngoma zetu pia, za Kinyakyusa na nyingine, hutazikuta kwenye maktaba za sampo za wazungu, nenda na maiki ukazirekodi mwenyewe kwa wanaozipiga na uwalipe, utakuwa na kitu ambacho prodyuza wa Dar hana.

Kamwene Fundi. Nipo Kihesa, Iringa. Niliweka FL Studio ya demo nikatengeneza biti nikaseva, kesho yake haifunguki. Washkaji wanasema weka ya kraki, ile ya wizi iliyovunjwa leseni, yaishe. Kuna ubaya? Maana nahisi bora ninunue mashine tu iwe yangu nisisumbuliwe na mambo ya leseni.

Kamwene sana. Biti yako haijapotea. FL ya kujaribia ndo ilivyo, inakuruhusu kila kitu, unaseva, unatoa wimbo, ila mradi ulioseva haufunguki tena mpaka ulipie. Siku ukilipia, faili zako zote za demo zinafunguka, kwahiyo usizifute. Na ukilipia mara moja apdeti ni za bure maisha, Image-Line wa Ubelgiji wameshikilia hiyo sera miaka na miaka, kwa hiyo woga wa kulipa kila mwaka uondoe. Angalia tu toleo, kabla hujalipa hakikisha linarekodi sauti ya maiki, kwa mtu anayerekodi wasanii anza na Producer.

Kuhusu kraki nakwambia kama mtu wa kazi, achana na mahubiri. Ili ikubali unaambiwa zima antivairasi. Unazima, kwenye kompyuta ambayo ina sauti za wateja waliokulipa. Mafaili yakifungwa na kirusi utamwambia nini mteja, yule aliyetoka Mafinga na nauli yake? Na ukituma wimbo kwa studio nyingine umiksiwe, plagini za kraki zinagoma kufunguka kule mnaanza upya.

Kama hela ya FL bado, weka programu nyingine inaitwa Reaper. Unaijaribu siku 60 ikiwa nzima bila kukatwa kiungo, na leseni yake kwa mtu mdogo kama sisi ni dola 60. Sura yake sio ya kuvutia, ina maandishi kama fomu ya benki, ila kwenye kurekodi sauti naipa kura kuliko FL kabisa, na ni nyepesi kwa laptopu za mtumba. LMMS nayo ni ya bure moja kwa moja ukitaka biti tu, kurekodi sauti hapo usitegemee. Kununua mashine kwa kukimbia leseni ni kukimbia deni dogo kwa kukopa kubwa.

Mimi ni mwalimu wa kwaya Njombe. Tuna mikisa ya cheneli 12 yenye USB, tuliinunua tukaambiwa itarekodi moja kwa moja kwenye kompyuta. Tumerekodi, lakini kwenye kompyuta zinatokea traki mbili tu, sauti na vyombo vimechanganyika, hatuwezi kurekebisha. Je, mikisa ni mbovu? Tununue mashine gani?

Shikamoo mwalimu. Mikisa nzima kabisa, aliyewauzia ndo hakumalizia sentensi. Mikisa nyingi za analogi zenye USB zinapeleka kwenye kompyuta stirio tu, yaani kushoto na kulia baada ya kila kitu kuchanganywa. Cheneli 12 ni za kuingilia, kwenye waya wa USB zinatoka mbili. Ukitaka kila maiki iwe na traki yake unatafuta mikisa ya dijitali inayopeleka cheneli zote, mfano Behringer XR18 inapeleka 18, X32 inapeleka 32, na kwenye maelezo ya kifaa chochote soma idadi ya cheneli za USB sio za mikisa.

Lakini mwalimu kwa kwaya mimi nisingekimbilia huko. Hapa ndo mahali pekee kwenye ukurasa wa leo ambapo nasema mashine kabla ya programu: rekoda ya mkononi kama Zoom H6, inatumia betri nne za AA, ina maiki mbili za stirio kichwani na matundu manne ya maiki nyingine. Unaisimamisha mbele ya kwaya juu kidogo ya vichwa, waimbaji nusu duara, besi nyuma. Haina kompyuta ya kuvuma feni, haigandi, na mnaweza kwenda kurekodia popote penye mwangwi mzuri. Vyombo tengenezeni kwanza kwenye programu kwa kijana mwenye saundi kadi, kisha kwaya iimbe juu yake. Najua hamna hedifoni za watu thelathini, kwahiyo tumieni spika moja ndogo kwa sauti ya chini mkiwasha muziki, ila siku hiyo msitegemee zile maiki mbili za kichwani, chukueni maiki zenu za kadioidi mchomeke kwenye matundu ya rekoda, mziwekee stendi zielekee kwaya, na spika iwe nyuma ya maiki, maana kadioidi haisikii vizuri mgongoni. Mwisho wa wimbo rekodini tena ukimya wa chumba na ule muziki ukilia bila mtu kuimba, fundi wa miksi atawashukuru.

Na chagueni siku. Chini ya bati, mvua za huko kwenu zikianza hakuna mashine wala programu itakayoitoa ile sauti.

Kaka mi nasoma chuo hapa Mbeya sina laptopu, simu tu ya Android. Nisubiri?

Usisubiri. Weka BandLab, ya bure, inarekodi traki nyingi, au FL Studio Mobile ya kulipia kidogo ambayo nayo ina sinthi zake. Tumia iafoni za waya, Bluetooth inachelewesha sauti utaimba nje ya biti ukidhani ni wewe. Ukishapata laptopu toa kila traki yake peke yake kama WAV, usitoe wimbo uliokwisha changanywa tu.

Fundi, nipo Tunduma, kuna jamaa ana sinthi la zamani limetoka Marekani na lingine la Japani bei poa sana. Nichukue?

Geuza nyuma usome kibandiko cha umeme kabla hujageuza kitu kingine. Kikiwa kimeandikwa 100-240V, chomeka popote. Kikiwa 120V la Marekani au 100V la Japani na waya unaingia ndani moja kwa moja, kwenye 230V zetu litatoa moshi siku hiyohiyo, unahitaji transfoma ya kushusha yenye wati za kutosha na uipige hesabu kwenye bei. Zile zenye adapta ya nje ni rahisi zaidi, unanunua adapta ya hapa, ila linganisha volti na ile alama ya plasi na mainasi, kuna za Casio za zamani mainasi iko katikati na nyingi za Yamaha plasi ndo iko katikati, ukikosea hapo hutapata hata muda wa kusikia sauti. Na jamaa akikataa kulichomeka mbele yako na kukubonyezea kila ufunguo mmoja mmoja, panda daladala urudi nyumbani.